Viatu Chini ya Jiwe

Kaeni vizuri, na kama mmevua viatu mlangoni, hebu vitupieni jicho kwanza. Haya mambo yalianzia hapo hapo kwenye viatu.

Fundi cherehani mmoja alikwenda na mumewe na mtoto kumsalimia shangazi wa mumewe, katika kijiji kidogo chenye nyumba chache, mashine ya kusaga, kibanda cha fundi baiskeli, na nyuma ya vyote hivyo, Jiwe. Wageni walikuja kwa ajili ya Jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko kijiji chenyewe, na juu kabisa palikuwa na pango lenye maji baridi ambayo kila mtu alitaka kunawia uso. Sharti lilikuwa moja: viatu unaviacha chini, penye mwamba bapa, unapanda pekupeku.

"Kwa nini?" aliuliza mume, dereva wa lori, mtu wa maswali na mizaha.

"Juu kunateleza," shangazi akajibu, akatazama pembeni.

Asubuhi wakaenda. Mtoto wao, msichana mdogo waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alilia apande na baba. Wakamkatalia, mdogo mno. Basi akavua viatu vyake vyekundu vya plastiki, akavipanga kando ya vya baba, eti na yeye yumo. Vya baba ungevijua hata ukifumba macho: cha kushoto kilikuwa kimeongezwa soli, kwa kuwa mguu ule ulivunjika zamani ukabaki mfupi, na bila soli ile alichechemea.

Baba akapanda, akakaa juu mpaka jua likawa kali. Aliposhuka, alishuka haraka, wima, bila kuchechemea hata kidogo, akavipita viatu vyake.

"Baba Kasuku, viatu!" mkewe akacheka. "Au umegawiwa miguu mipya huko?"

Hakugeuka. "Nibebee viatu," alisema.

Akavibeba. Angefanyaje? Tangu waoane kazi yake ilikuwa kuokota vya mtu yule: mashati, funguo, vikombe vya chai. Akavitia kikapuni, akamvalisha mtoto vyake, wakamfuata.

Nyumbani kwa shangazi, yule mwanamume alikaa kwenye kiti cha pembeni akiangalia ukuta. Chakula hakugusa. Mzaha hata mmoja hakuutoa, na huyu ni mtu aliyeweza kutania hata msibani.

"Mama," Kasuku akanong'ona, amejificha nyuma ya gauni la mama yake, "baba ananuka mawe."

Kweli alinuka. Harufu ya jiwe lililoloa mahali pasipofika jua. Na kila nyumba ilipotulia, pale alipokaa palisikika tone la maji likidondoka, kisha lingine, na mama wa watu akainama mara nyingi kupapasa sakafu chini ya kiti kile, na kila mara aliikuta kavu. Jioni akasingizia mtoto ana homa, wakalala chumbani kwa shangazi, mlango wameuwekea kitasa na meza.

Kulipokucha aliamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Akakimbilia jikoni. Yule mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kiatu cha kushoto kakitumbukiza motoni, na mkono wake nao umo motoni, hautikisiki, hauvutwi, hauungui.

"Unachoma viatu vyako?"

"Sivihitaji."

Sijui ujasiri aliupata wapi. Alikinyakua kiatu kikiwa kinatoa moshi, akachukua na mwenzake, akatoka mbio hadi uani alikokuwa shangazi na mtoto.

"Shangazi, yule si yeye."

Shangazi akaacha kufagia. "Alivipita viatu?"

"Alivipita. Akaniambia nimbebee."

Mama mtu mzima akakaa chini kwenye vumbi. "Nilipaswa kuwaambia. Niliogopa angenicheka, unamjua mumeo. Kimbia kwa fundi baiskeli, familia yao ndiyo inayolitunza Jiwe. Huyu mtoto niachie, nitajifungia naye."

Fundi baiskeli alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alikitazama kiatu kilichoungua, akatupa spana chini.

"Nani kakwambia uviondoe?"

"Yeye mwenyewe!"

"Yeye nani? Mumeo anashuka tangu jana, dada yangu. Akifika chini havioni viatu vyake, basi na njia haioni, anageuka anarudi juu. Virudishe pale pale. Wewe uliyeviondoa ndiye ukae navyo. Usipande, usiite jina lake."

"Na yule aliyeko nyumbani?"

"Mumeo akivaa hivi, yule hana pake tena." Akasita. "Mtoto yuko wapi?"

Walirudi mbio wote wawili. Shangazi alikuwa mlangoni, mikono kichwani, analia.

"Aliniita kwa sauti ya marehemu mama yangu! Nje, dirishani, aliniita jina langu la utotoni. Nilifungua mlango kidogo tu, nichungulie. Kambeba mtoto, kaelekea Jiwe!"

Alikimbia. Mama wa mtoto alikimbia huku ameshika vile viatu kifuani, akapita mashine ya kusaga, akapita watu waliomuuliza kuna nini asiwajibu, akijiambia mtoto ni mzito atamchelewesha, akijiambia pengine kasimama njiani, pengine Kasuku kamchosha kwa maswali, ee Mungu wangu, mfanye amchoshe kwa maswali, na alipofika penye mwamba bapa akasimama ghafla, kwa sababu pale chini ya Jiwe palikuwa na viatu viwili vidogo vyekundu, vimepangwa vizuri, kama mwenyewe alivyovipanga jana.

Alitaka kupanda. Fundi baiskeli alimdaka kiunoni, wakavutana.

"Niache! Ni mwanangu!"

"Ukipanda, nani atavilinda? Nani? Utawapoteza wote!"

Akaviweka vya mume kando ya vile vyekundu. Akakaa. Akaung'ata mtandio wake ili asiite, akaung'ata mpaka ukachanika, na macho yake hayakutoka kwenye ule ujia wa juu.

Jua lilishapanda sana alipotokea mtu. Alikuja akichechemea, midomo imepasuka, nyayo zinavuja damu. Alipoviona viatu alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake. Aliketi, akaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto katika kile kilichoungua, na huko juu pangoni kitu kikalia kwa uchungu, mara moja, kikanyamaza.

"Nimeshuka na kushuka," alisema, machozi yanamtoka. "Kila nikifika hapa, hamna kitu. Mwamba mtupu. Mmenikimbia kwa nini?"

Mkewe alimkumbatia kwa mkono mmoja, shingo kaielekeza kwenye Jiwe. "Kasuku," alinong'ona. "Hukumwona Kasuku?"

"Kasuku yuko wapi?"

Kabla hajajibu walisikia vishindo vidogo. Mtoto alikuwa anashuka, gauni lile lile, nywele zile zile, anakimbia mikono kainyoosha. Baba akalia kwa furaha. Mtoto akafika chini, akavipita viatu vyekundu, akamrukia mama yake shingoni. Ngozi yake ilikuwa baridi, na nywele zake zilinuka jiwe lililoloa.

Hakusema neno, yeye asiyenyamaza hata usingizini. Akalaza kichwa begani kwa mama. Baba akainama, kama baba yeyote, kuviokota viatu vya mwanawe.

"Usiguse!" mkewe akapiga kelele.

Mkono wa baba ukaganda hewani.

"Nibebee viatu," mtoto akasema sikioni mwa mama.

Mama alikaa tena juu ya mwamba, kampakata yule aliyempakata, akamshika sana asiponyoke. Mbele yake vile vyekundu vilikuwa pale pale vilipowekwa, naye akakaza macho kwenye ujia, akingoja mwenye viatu ashuke.