Buibui wa Ng'ambo ya Reli

Kila asubuhi ya likizo Marnie alilisha kuku, akala tosti yake, kisha akaenda kulala kifudifudi vichakani na kamera ya marehemu babu yake. Wenzake walimwita Mama Buibui. Hakujali hata chembe.

Jumanne alipiga picha ya buibui mdogo kuliko punje ya ngano. Alikuwa dume, mgongo wa buluu wenye madoa ya rangi ya chungwa, akipunga miguu juu na kumchezea jike ngoma kama bwana harusi aliyepagawa. Marnie aliituma picha hiyo kwa Daktari Pascoe, mtaalamu wa buibui mjini Perth. Jibu likaja siku ile ile: buibui huyu hajulikani na mtu yeyote, nakuja kumwona, umempata wapi?

Hapo ndipo msichana wetu alipovuruga mambo. Alikuwa amempata ng'ambo ya reli, na mama alikuwa amempiga marufuku kuvuka kwa sababu ya treni za kubeba ngano. Basi akaandika: nyuma ya zizi letu la kondoo.

Daktari akaja, maskini, akatambaa nyuma ya zizi siku mbili nzima. Aliambulia miiba magotini na mavi ya kondoo. Jioni ya pili, wakinywa chai, baba, aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea, akasema kwamba kesho kikosi chake kingechoma vichaka vya ng'ambo ya reli kabla ya kiangazi, ili moto wa msimu ule usipate cha kuunguza.

Marnie akaweka kikombe chini. Akinyamaza, hatagombezwa. Lakini buibui wale watateketea wote.

"Nilidanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilivuka reli. Wako kule."

Mama alimkazia macho. Baba alikuna kichwa, akapiga simu kuahirisha moto.

Asubuhi walivuka wote wanne, mama akitazama kushoto na kulia mara tatu. Haukupita muda Daktari akapiga ukelele wa furaha. Dume alikuwa juu ya jani, anacheza. Hata baba, na mabuti yake ya zimamoto, alilala kifudifudi akicheka.

"Haya, Mama Buibui," mama alisema, "banda la kuku utalisafisha peke yako mwezi mzima."

Daktari alimtia buibui kwenye kichupa, akampa Marnie penseli na kikaratasi.

"Andika mahali alipopatikana," alisema. "Ukiandika uongo hapa, mwanangu, watu watamtafuta miaka mia wasimpate. Kazi yetu yote imesimama juu ya ukweli wa kikaratasi hiki."

Marnie akaandika kwa herufi kubwa, mama akichungulia begani: NG'AMBO YA RELI.