Mgeni wa Kwenye Kaseti

Neno lenyewe lilikuwa dogo tu: ahsante. Tatizo ni kwamba halikuwamo kwenye kaseti.

Mkutubi aliijua kaseti ile kuliko alivyoijua sura yake. Kila alasiri, vitabu vikisharudishwa na wale wavulana wanaokuja kulala nyuma ya rafu ya jiografia wakishaamshwa, alifunga mlango wa maktaba ya shule, akakaa kwenye meza ya dirishani, akabonyeza redio. Hapo marehemu binti yake alianza kusema Kifaransa.

Ilikuwa kazi ya darasa. Mwalimu wa Kifaransa, ambaye shule nzima ilimwita Madamu, alikuwa na mtindo wake: mwanafunzi hurekodi nusu ya mazungumzo, na baada ya kila sentensi huacha kimya kidogo, ili atakayesikiliza ajibu. Binti alipewa sehemu ya mgeni. Alifanya mazoezi jikoni, mama yake akiwa mwenyeji. "Mama, ulimi wako mzito kama kinu," alimtania, akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho hakikungoja hata mtihani. Kilimchukua kabla muhula haujaisha, na mama akabaki na kaseti.

Basi binti akisema, "Habari za jioni," mama hujibu kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. Akiuliza kama nyumbani ni wazima, hujibu wazima. Mwisho binti huuliza, "Naweza kuingia?" Naye hujibu, "Karibu, ingia ndani." Kaseti hukatika, mama hufuta macho, huenda nyumbani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ile alisema, "Karibu, ingia ndani," na badala ya kukatika, sauti ikajibu, "Ahsante." Kiti cha upande wa pili kikasogea kidogo, kama mtu anayekaa.

Mwingine angetoka mbio akaacha viatu. Yeye alilia kwa furaha. "Kaa, mwanangu," akasema. "Kaa tu."

Tangu hapo harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka binti kifuani, ikaanza kutanda kati ya rafu. Ile meza ya dirishani ilikuwa baridi hata jua likiwaka. Mkutubi akawa anamimina chai vikombe viwili, na cha pili kilipoa upesi mno. Aliona, akanyamaza. Kazi yake ilikuwa kunyamazisha watu, na sasa alijinyamazisha mwenyewe.

Kipindi cha Kifaransa kilifanyika humohumo maktabani, maana ndimo zilimokuwa redio na hedifoni. Darasani mlikuwa na msichana waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Siku moja alivua hedifoni katikati ya zoezi.

"Madamu, kaseti yangu imeniuliza kitu hakimo kitabuni."

"Imekuuliza nini?"

"Eti inaweza kuingia?"

"Nawe?"

"Si ulitufundisha tujibu kila swali? Nimesema karibu."

Darasa likacheka. Mkutubi, pale kwenye meza yake, hakucheka.

Wiki ile Chiriku akaanza kukohoa: mara mbili fupi, kisha pumzi ndefu ya kukwaruza. Mkutubi alikisikia kikohozi kile, akakitambua: kilikuwa cha binti yake. Msichana akakonda, sauti ikafifia hadi akawa anaandika anachotaka kusema. Kisha alasiri moja akaja kurudisha kitabu, akainama juu ya meza, akafungua mdomo, na sauti ya binti ikatoka humo, safi, yenye utani: "Mama, ulimi wako mzito kama kinu."

Mkutubi akaenda kwa Madamu, akamweleza yote.

Mganga aliyeletwa na Madamu alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alipiga chafya tangu mlangoni. "Mimi na vumbi la vitabu hatupatani," akasema. Lakini alipofika dirishani aliacha masihara. Aliweka kiganja juu ya meza, akakiondoa haraka.

"Huyu si mwanao, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanao kapumzika. Huyu ni jini. Kila siku alisikia mlango unafunguliwa, akavaa sauti ya anayefunguliwa."

"Mtoe basi."

"Sikumkaribisha mimi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja, na wenyeji wanakwisha. Wewe uliyemwambia ingia kwanza ndiwe wa kumwambia toka, kwa lugha ileile. Kisha ufute kaseti."

"Nifute?" Mkutubi aliikumbatia redio. "Sina sauti yake nyingine. Picha ninazo. Sauti ni hii tu."

Madamu akanong'ona: "Mama, Chiriku naye ana mama."

Binti hakuwahi kumfundisha maneno ya kufukuza. Madamu alimfundisha pale pale, akirudia polepole, kama darasani.

Wakamlaza Chiriku kwenye benchi, mama yake amemshika mkono, mganga akisoma dua kwa mnong'ono, na mkutubi akabonyeza redio. Sauti ikauliza habari za jioni, hakujibu, ikauliza wazima, hakujibu, ikauliza kama yaweza kuingia, naye akasema kwa Kifaransa, "Hapana, toka, usirudi," na papo hapo mwanga wa dirishani ukafifia kama pazia limevutwa, harufu ya dawa ikakaba koo, vitabu vikaanza kudondoka kimoja kimoja kutoka rafu za nyuma kuja mbele, kila kimoja karibu zaidi na mgongo wake, na katika kaseti sauti ikaiacha lugha ya kigeni, ikamlilia kwa lugha ya nyumbani, "Mama, kuna baridi huku nje, mama, hata wewe?" mpaka akahisi ini linakatika. Akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Kaseti ikazunguka, ikimeza kimya cha chumba. Kisha Chiriku akalia, kwa sauti yake mwenyewe.

Siku hizi Chiriku anapiga domo kuliko zamani, na mkutubi humwacha, hamwambii hata nyamaza. Watu humsifu kwa alivyookoa mtoto wa mwenzake. Hushukuru, huendelea kupanga vitabu. Hawajui kuwa akijaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe, ya jikoni, ya kucheka, haiji. Huja maneno yale tu ya baridi, ambayo mwanawe hakuyasema kamwe.

Mlango wa maktaba sasa hauachi wazi hata kidogo. Huufunga kwa komeo na kuwafungulia wanafunzi anaowaona kwa macho kupitia kioo. Alasiri za mvua, shule ikishakuwa tupu, hodi hupigwa. Hutazama kiooni. Hakuna mtu. Hodi hupigwa tena, taratibu, kwa adabu, kama apigavyo mtoto aliyelelewa vizuri, na kufuatiwa na kikohozi, mara mbili fupi.

Mkutubi huziba mdomo kwa mikono yote miwili, neno "karibu" likimchoma ulimi, akakaa hivyo akilia mpaka mvua inyamaze.