Chumba cha Tatu cha Mama Katungu

Ilianza na harufu ya kasikisi. Saa nane ya mchana, jua kali, na chumba kipya cha Mama Katungu kinanuka pombe ya ndizi, mu nyumba ambamo haijaingia hata chupa moja. Akamurukia Lusenge, fundi wake: "Ulikunywa humu!" Maskini Lusenge akaapa kwa jina la mama yake.

Kilima chao, pembeni ya muji wa Butembo, kilikuwa migomba tupu juzi juzi tu. Leo ni matofali na mabati mupaka juu. Nani alipasua njia? Serikali? Acha nicheke! Ni wakaaji wenyewe, na majembe, kila siku ya salongo, ile kazi ya pamoja. Hapa ukingojea mutu akujengee, utazeekea mu mvua. Katungu alikimbia vita kule Oicha, akajenga nyumba hii tofali kwa tofali, na alikuwa anaipenda kupita kiasi.

Kisha ukuta wa chumba kile ukapumua. Binti yake Bénite aliuegemea akichambua maharagwe, akausikia ukipanda na kushuka mugongoni mwake, polepole, kama mutu mwenye kulala. Akatupa kapu.

"Mama," akanong'ona, "iko mutu ndani."

Katungu akaweka sikio. Hakumubishia.

Wakamuita Papa Maliro, muzee aliyewauzia ile parcelle, kiwanja cha nyumba. Alisimama mulangoni, akakataa kuingia.

"Ile miti yenye majani marefu membamba, iko wapi?"

Katungu akatazama chini. Mu-Nande gani hajui miti ile? Inapandwa pa mupaka, na inapandwa pa kaburi. Aliing'oa mwenyewe, akaiba hatua mbili za udongo ng'ambo yake ili apate chumba cha tatu.

"Nilizani ni ya mupaka tu, Papa."

"Ni ya mupaka, ndiyo. Na shangazi yangu Kavuo analala chini yake. Yeye ndiye alikuwa anatengenezea kilima chote kasikisi. Hama, mwanangu."

"Nihame?" Hasira ikamupanda Katungu mupaka machoni. "Oicha nilihama na mutoto mugongoni! Niende wapi tena? Hapana!"

Akaingia chumbani peke yake, akafunga mulango, na harufu ikamukaba koo, na ukuta ukavimba ukamusukuma, na sakafu ikawa baridi chini ya miguu yake, na pumzi nzito ikamuzunguka shingo mupaka akasikia, kwa Kinande, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mwanamuke muzee ikisema: Toka kwangu.

Hakutoka.

"Mama Kavuo, nilikosa. Nilikukanyaga bila hodi, nisamehe. Lakini kutoka, hapana! Bomoa ukipenda. Nitajenga tena hapa hapa, mbele ya macho yako, na muji utakua ukituzunguka sisi wote wawili!"

Kisha kishindo kimoja, mabati yakalia, mavumbi yakajaa.

Bénite akasukuma mulango akilia. Mama yake alikuwa amesimama, muzima. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeingia ndani hatua mbili zile zile, bila ufa hata mumoja, lipu yake vilevile. Nje, pale ulipokuwa asubuhi, udongo ulikuwa wazi na laini.

Papa Maliro akapiga alama ya musalaba. Katungu yeye akapima kile kilichobaki, kwa miguu yake, taratibu.

"Kinatosha," akasema. "Bénite, leta kitanda."