Nakutosha Kabisa

"Nyabo, hapana! Weka chini! Utaua mtu!"

Soko kuu la Mbarara lilikuwa limefurika, lakini sauti ya Naboth ilifika hadi kwenye mafungu ya matoke. Mwanamke aliyekuwa akimkabidhi mteja chupa alishtuka. Alivaa kitenge cha manjano chenye shingo pana, kilemba kimesimama kwa madaha, na miguuni pake palikuwa na makasha mawili ya barafu, yote ya buluu. Moja lilikuwa lake, la juisi ya marakuja. La pili lilikuwa la Naboth, aliyeliweka chini kidogo tu apokee simu.

"Miye naua mutu na juisi?" alifoka yule mwanamke.

"Hiyo si juisi. Ni maji chafu ya kiwanda. Mimi napeleka maabara."

Mwanamke akainusa ile chupa, akakunja uso, kisha akaangua kicheko hata mteja akasahau kiu yake. "Yesu wangu! Na rangi ni moja!"

Naboth alicheka naye, na hapo ndipo alipokwisha, maskini.

Jina lake Mariette. Kwao Kivu ya Kusini, Kongo. Sasa aliishi na mama yake kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akija mjini kuuza juisi. Naboth alikuwa mtoto wa kambi ya jeshi. Kiswahili chake alikiokota kwenye gwaride la baba yake, nacho kilitembea kwa buti. Kazi yake ilikuwa kusafisha maji machafu ya kiwanda kimoja cha maziwa huko Kakiika kabla hayajaruhusiwa kuingia mtoni.

"Unayasafisha na nini? Sabuni?" Mariette alimuuliza kwenye simu jioni moja.

"Vijidudu, mukwano. Iko ndani ya tope. Mimi napatia hewa, inakula uchafu yote."

"Kumbe uko mufugaji! Unafuga mikrobe!"

"Nafuga. Na mwaka hii nataka kufuga bibi."

"Ee! Bibi hafugwi, sheri. Bibi anaolewa."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kiwandani wote walijua, na Nakivale wote walijua. Emery, fundi wa pikipiki wa hukohuko Kabazana aliyemtaka Mariette, naye alijua, ndiyo maana akaharakisha mambo yake.

"Emery anatuma bazee kwetu Jumapili kuniposa," Mariette alisema siku alipopiga simu mchana, sauti imeshuka. "Mama anataka jibu. Weye unasema nini, Naboth?"

Naboth alikuwa kando ya mashine ya hewa, inanguruma kama lori mlimani. Wivu ukampanda. "Mwambie huyo Emery, mimi nakutosha! Nakutosha kabisa!"

"Ni vile unasema?"

"Ndiyo! Hata mama yako mwambie!"

Simu ikakatika. Naboth akatabasamu peke yake, kidume, ameridhika kabisa. Parfait, kibarua Mkongomani aliyeajiriwa karibuni, alikuwa na mpira wa kunyonyea mkononi, akimuuliza kwa ishara kuhusu tope la tangini. "Tope inatosha!" Naboth alimpigia kelele. "Inatosha!" Akaenda zake.

Tangu hapo Mariette hakushika simu. Naboth alipiga, akaandika, akapiga tena. Wapi!

Na kesho yake balaa la pili. Maji yaliyotakiwa kutoka meupe na maangavu yalitoka mazito kama uji. Tangi lilikuwa halina tope hata chembe.

"Fungulia kidogo tu," alisema meneja, Bi Atuhaire. "Nani ataona?"

"Huko chini watu wanachota, madamu. Kibali yetu inasema maji safi. Mimi nafunga." Akaufunga mlango wa kutolea maji, akawapigia mwenyewe watu wa mazingira kuwaeleza. Kisha akamgeukia Parfait. "Nani alikuambia kutoa tope?"

"Ni weye, shefu! Ulisema tosha tope."

"Nilisema inatosha! Iko ya kutosha!"

"Njo vile! Kutosha ni kuondosha. Ile yenu, siye tunasema inaenea."

Naboth akacheka. Halafu kicheko kikamfia mdomoni.

"Parfait, kama mwanaume anaambia msichana wa kwenu, 'mimi nakutosha'..."

Parfait akavua kofia. "Shefu, ulimufukuza?"

Jamani! Moyo wa Naboth ulikimbilia Nakivale siku hiyo hiyo, lakini miguu ilibaki Kakiika. Akiondoka, ule mlango utafunguliwa. Akaazima tope hai kiwanda jirani, akalipatia hewa, akalibembeleza kama ndama aliyefiwa na mama, huku Jumapili inakuja na simu haishikwi. Maabara iliposema maji ni safi, ilikuwa Jumapili yenyewe. Alifika Nakivale adhuhuri, angali na gambuti miguuni.

Mariette alikuwa nje ya nyumba akitwanga sombe, kisamvu cha kwao. Kichwa wazi, kitenge kimechakaa, macho yamevimba.

"Unatafuta nini huku? Si ulinitosha?"

"Mariette, sikia. Kwetu kutosha ni... ni ile nyinyi mnasema kuenea. Nilisema mimi nakuenea. Hapana mwingine wa kuongeza."

Mchi ukasimama. Akamtazama, akacheka, akalia, vyote pamoja. "Naboth! Weye uko mujinga, Mungu wangu! Ulijua siku gani?"

"Siku tope ilipotea."

"Na unakuya leo?"

"Maji ilikuwa chafu. Ningeondoka, wangefungulia mtoni."

Mariette akayatazama yale magambuti. "Basi mikrobe zilinishinda."

"Na Emery?" Naboth aliuliza. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

"Bazee yake balikuya asubuhi. Nilibakatalia."

"Asubuhi? Lakini ulijua mimi nimekutosha!"

"Ulinitosha weye," Mariette alisema polepole. "Miye sikukutosha mu roho."

Naboth akausogeza mchi kando. Akamshika mkono wenye majani ya sombe, akaukumbatia kifuani.

Ndani ya nyumba mama mtu akakohoa. "Mariette! Uliza huyo mutoto wa musoda wa jeshi: bazee yake banakuya lini?"

"Jumapili ijayo, mama," Naboth akajibu, na mkono hakuuachia.