Bibi Harusi Aliyegoma Kukaa

"Umetolewa tena?"

"Raundi ya kwanza. Dakika ishirini na nane tu."

Yonas alikuwa amesimama juu ya kichuguu kijijini kwao Dirma, wilayani Hanang, simu sikioni, maana mtandao haukupatikana mahali pengine. Upande wa pili, Nairobi, Ralitsa alikuwa amebandika barafu gotini.

"Pole, mpenzi. Basi panda basi uje. Asali imeshatiwa kwenye vibuyu, wazee wamealikwa. Pombe ya asali haingoji mtu."

"Najua."

"Mara ya kwanza uliahirisha harusi kwa ajili ya mashindano ya Iran. Ya pili, Ureno. Mzee kasema ya tatu hakuna. Atanitafutia msichana wa kijiji cha Gehandu."

"Mzuri?"

"Ralitsa!"

Akacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka: kinainuka kidogo, halafu kinatafuta pa kukaa.

"Nakuja, Yonas."

Hakumwambia habari ya ujumbe wa kocha wake, ulioingia asubuhi kutoka Sofia: "Morisi, Jumatano ijayo. Pointi za mwisho za Olimpiki. Nafasi yako ipo. Jibu."

Ralitsa alikuwa Mbulgaria, mcheza mpira wa vinyoya. Tangu ana miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa hiyo: kupiga kinyoya kivuke wavu, kupanda ndege, kupiga tena. Aliwahi kuwa wa thelathini duniani. Sasa ana miaka thelathini na mbili, ni wa mia na kumi, anazunguka mashindano madogo madogo akiokota pointi kama kuku na punje. Miaka miwili nyuma alimtembelea rafiki yake daktari katika hospitali ya Haydom, goti limevimba, na aliyelikanda ni Yonas, mhudumu wa tiba ya viungo. Likizo zote zilizofuata ziliishia Katesh, mji wa Hanang, akifanya mazoezi kwenye ghala la ushirika. Tangu wafanyabiashara waanze kununua ngano shambani kwa mkulima, ghala lilibaki tupu. Kinyoya hakitaki upepo, na Hanang upepo haupumziki.

Jumapili akafika bomani kwa Mzee Gidabuday, babake Yonas. Loveness, dada wa Yonas, akamdaka langoni.

"Wifi, sikiliza. Utaambiwa ukae. Usikae!"

"Goti linaniuma, Loveness."

"Litaacha. Bibi harusi hakai mpaka apewe ng'ombe. Ukikaa bure, umeingia kwetu bure."

Uani wazee walikuwa wamejaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kiti hicho."

Ralitsa akasimama.

"Nakupa mtamba mwekundu," mzee akasema.

Akasimama.

"Na dume la kijivu."

Akasimama. Jasho lilimtiririka, mguu ukaanza kutetemeka.

"Haya! Na yule mweusi mwenye mimba!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Loveness akamwashiria: kaa sasa. Hakukaa. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Yonas akamsogelea. "Kaa, mpenzi. Ng'ombe watatu! Loveness alipewa mmoja tena kilema."

"Sitaki ng'ombe."

"Huyu anataka nini?" mzee akauliza.

"Ruhusa, baba. Jumanne niende Morisi nikacheze. Mara ya mwisho. Halafu nirudi."

Yonas alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Nairobi."

"Na ukanyamaza?"

"Ungeniambia nichague. Nimechoka kuchagua, Yonas. Miaka yote nachagua."

Mzee Gidabuday akainua fimbo, wakanyamaza wote wawili.

"Utashinda huko?"

"Hapana, baba."

Mtu mmoja nyuma akaguna, wengine wakacheka.

"Hata kidogo?"

"Goti si unaliona?"

"Sasa unaendea nini?"

"Nairobi nimetolewa mbele ya watu sita, na mmoja wao alikuwa anangoja nimalize afagie. Sitaki mchezo unifukuze hivyo. Nataka niuage mwenyewe."

Mzee akaishusha fimbo.

"Mwaka wa ukame nilihama na ng'ombe sitini," akasema. "Walibaki tisa, mifupa mitupu. Wenzangu wakaniambia niwaache porini, nirudi na fimbo yangu. Nilikataa. Nilitembea siku kumi na moja ili niingie langoni nyuma ya ng'ombe wangu." Akamgeukia mwanawe. "Mwenye mke, unasema nini?"

Yonas alikuwa anaangalia ule mguu unaotetemeka.

"Nimekasirika, baba. Sana. Ila aende. Na nimkande goti kwanza."

"Nenda," mzee akamwambia Ralitsa. "Mweusi ni wako vilevile. Lakini akizaa hupo, maziwa tutakunywa sisi."

Hapo ndipo Ralitsa akakaa, puu, kama gunia la ngano likishushwa mgongoni. Vigelegele vikaanza upya. Yonas akapiga magoti mbele yake, mbele ya wazee wote, akaanza kukanda.

Jumatano jioni, Yonas akiwa juu ya kichuguu, simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Nimefungwa 21-9, 21-11. Basi, nimeuaga. Nimelia kidogo chooni, sasa nakula wali. Huko vipi?"

Akaandika: "Mweusi kazaa jana. Jike. Mzee kakataza mtu yeyote asimkamue."

"Kwa nini?"

"Anasema ndama anyonye yote. Mwenye ng'ombe yuko njiani."