Ofisi Zote

Mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, haina adabu, hainyeshi, inamwagwa. Jumamosi hiyo ilimkuta Ateca katikati ya soko, kapu la muhogo na nanasi mkononi, gauni lake la maua limemganda mwilini. Akakimbilia chini ya paa la wauza kava, mizizi ya kutengenezea kinywaji, na hapo akamkanyaga mguu kijana mmoja mrefu, aliyevaa sulu ya kijivu kiunoni kama kikoi, na shati lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuapishwa.

"Samahani, kaka."

"Kwenu wapi wewe, unayekanyaga watu bila hodi?"

"Kisiwani Beqa," akasema, akataja na kijiji.

Kijana akacheka mpaka wauza kava wakageuka. "Nilijua tu. Mawe ya moto mnayakanyaga kwa miguu mitupu, mvua mnaikimbia. Mimi ni wa kisiwa cha Gau." Naye akataja kijiji chake.

Ikawa balaa. Vijiji hivyo viwili ni tauvu, watani wa mzimu mmoja tangu enzi za mababu. Mtani humtukana mtani, humchukulia chake bila kuomba, na aliyechukuliwa kununa ni mwiko. Kijana akatia mkono kapuni, akatoa nanasi, akaenda zake mvuani akipiga mluzi.

"Ndege wa Gau anayetafutwa miaka yote mmeshindwa kumwona," Ateca akampazia sauti, "nanasi la watu ndilo mmeliona."

Jumatatu akafungua mlango wa chumba cha kompyuta katika kampuni ya bima alikofanya kazi, akamkuta mwizi wake ameketi kiti cha pili. Fundi mpya. Maciu jina lake.

Mapenzi ya watani hayana hodi. Mchana walitupiana maneno, jioni wakala samaki wa nazi kwenye ukuta wa kuzuia bahari, na kabla ya kulala simu ikalia.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Sasa anayeongea ni nani?"

"Mzimu wa Beqa. Unasema ukate simu, sura yako inaharibu ndoto."

"Mwambie mzimu nampenda."

Ateca alibana simu kifuani, akasikiliza baba yake akikohoa chumba cha pili. Figo za mzee zilikuwa zimechoka. Damu yake ilisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mshahara wa Ateca ndio uliokuwa kamba ya uhai wake. Maciu alilijua hilo.

Kazi yao ilikuwa kusambaza programu. Zamani fundi alizunguka meza hadi meza. Siku hizi anakaa kitini, anachagua kundi, anabonyeza, na kila kompyuta ya kundi hilo inajiwekea programu yenyewe, hata iliyo ng'ambo ya maji huko Labasa. Sharti ni moja: kwanza kundi la Majaribio, mashine chache tu. Zikipona, ndipo uchague Ofisi Zote. Tena wote wawili waliingia kwenye mfumo kwa jina moja, "fundi", na neno la siri moja, kwa uvivu tu wa kutengeneza la pili.

Wiki ile kimbunga kilikuwa kimepita. Nje ya kampuni watu walipanga foleni na picha za mapaa yao yaliyong'oka, na programu mpya ya kupokea madai yao ilitakiwa haraka. Alhamisi asubuhi Ateca alikuwa ameshika kipanya, na Maciu ameinama sikioni mwake.

"Nikija kukuposa Beqa, nitaletewa kiti au nitakalishwa kwenye mawe ya moto?"

Ateca akacheka. Akacheka, akabonyeza. Kisha akatazama alichobonyeza.

Ofisi Zote.

Hakukuwa na amri ya kuirudisha. Ghorofa ya chini kompyuta zilizimika mikononi mwa watu, zikawaka, zikaonyesha skrini ya buluu, zikabaki hivyo. Simu zikaanza kutoka matawini: Nadi, Lautoka, Savusavu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifukuzwa dirishani wakati karani alikuwa amefika katikati ya jina lake. Sasa ilibidi kila mashine ifufuliwe kwa mkono. Ateca alipiga magoti chini ya meza za watu, akiona kwenye kila skrini uso wa baba yake.

Mchana Roshni wa mapokezi akamfuata. "Dada, Maciu wako yuko kwa mkuu wetu, Bwana Narayan. Kafunga mlango."

Maciu alipotoka, Ateca alimngoja kwenye ngazi. "Umemwambia nini?"

"Nimechukua nilichokitaka," akasema, na tabasamu lake halikufika machoni. "Fanya kazi, mtani."

Usiku ule simu ilipolia, Ateca hakungoja neno. "Umenitaja. Umekitaka kiti changu, umekwenda kukichukua. Baba yangu akifa, uje ukikalie."

"Ateca—"

"Usinipigie tena."

Siku zilizofuata walifufua mashine pande mbili za jengo kama watu wasiojuana. Ateca hakula. Kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni wa kumfukuza. Jumatano, mashine nyingi zikiwa zimeamka, Narayan akamwita. Alikuwa na macho mekundu na kikombe cha chai iliyopoa.

"Pole na kazi, binti. Maciu amekiri tangu siku ile. Nilimwacha asaidie kutengeneza, leo nimemtoa. Nasikia anapanda meli ya Gau."

"Bwana Narayan, ni mimi. Mimi ndiye niliyebonyeza."

Narayan akasukuma kikombe pembeni. "Binti, nimeshawaandikia wakubwa jina moja. Nikitoa wawili, nani atawasha hizi mashine? Sikukusikia. Rudi kazini."

Kumbe hata ukweli unaweza kukosa mnunuzi. Ateca alirudi kitini, akalia kidogo, akapangusa kamasi kwa mkono. Halafu akavuta kibodi, akaandika: "Kosa la Alhamisi ni langu mimi, Ateca. Maciu hana kosa." Akachagua Ofisi Zote, safari hii kwa kukusudia, akabonyeza. Aliposhuka ngazi, kila skrini aliyoipita ilikuwa na jina lake.

Gatini mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Maciu alisimama mvuani na shati la maua lililolowa, ndevu za siku tatu usoni.

"Nani alikutuma?" Ateca akamkabili, anahema.

"Mtani haombi. Anachukua."

"Nanasi, Maciu. Mkeka. Kuku. Si kosa langu. Nimekununia wiki nzima na wewe umenyamaza. Ulitaka nije kujua lini, nikizeeka?"

"Baba yako ana mashine mara tatu kwa wiki. Mimi nina nini? Nina shati." Akalivuta pindo lake. "Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana ya kuulizwa."

Simu ikaanza kulia mkononi mwa Ateca.

"Narayan?"

"Yeye. Nimewaambia wote, mpaka Labasa."

Maciu akafumba macho. "Pokea, basi. Muombe radhi, atakusamehe."

"Kwanza niulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Hujawahi kuniuliza nataka nini tangu nikujue."

Meli ikapiga honi. Mabaharia wakaanza kufungua kamba. Maciu alitazama begi lake kule juu ya sitaha, akamtazama tena mwanamke aliyelowa mbele yake.

"Ateca, nibaki?"

"Baki."

"Na nikija Beqa kwa wazee wako na jino la nyangumi la kuposea, sina kazi, sina hata hilo begi, utanikubali?"

"Nitakukubali."

Ubao wa kupandia ukavutwa. Ateca akaushika mkono wake wa baridi, akaubana, na kwa mkono mwingine akaiweka simu sikioni.

"Ndiyo, Bwana Narayan," akasema. "Nakusikiliza."