Hamuza na Sauti ya Juu

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Awindiri, mnaopenda kusema "Mungu amempa sauti" na kuishia hapo, kaeni niwasimulie habari ya nyumba ya Medina, ambayo siku hizi watu huipita bila kugeuza shingo.

Mwaka wa 1973 nyumba ile ilikuwa na raha. Asubuhi Hamuza, mume wa Medina, alinyoa ndevu uani huku akiimba, na binti yao Rehemah, wa miaka minne, amemng'ang'ania mguu. Mtoto huyo hakukubali kuamka mpaka baba amwite jina lake kwa wimbo. Medina alikoroga uji akitabasamu peke yake.

Hamuza aliimba katika bendi ya roki, yenye magitaa ya umeme na spika kubwa kama kabati. Siku moja Andama, mpiga gitaa wao, alileta santuri kutoka ng'ambo. Mle ndani mtu alipanda na sauti juu, juu kabisa, akakaa huko. Tangu siku hiyo Hamuza hakuwa na amani. Bendi ilikuwa imealikwa mji wa Koboko sikukuu ya Idi, na yeye aliitaka sauti ile mbele ya watu wote.

Basi akaanza kuitafuta kwa nguvu. Alikaza shingo mpaka mishipa ikasimama, akainua kidevu kama jogoo, akashindana na ngoma kwa kelele. Kila jioni koo lilikuwa linakwaruza.

Katika ua wa pili aliishi Sitti, mama yake Medina. Kwa miaka thelathini aliongoza nyimbo za wanawake kwenye harusi za Wanubi, siku tatu mfululizo, sauti juu, na siku ya nne bado angeweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Lakini kwa adabu yetu mkwe haketi na mama mkwe wake wakatazamana usoni. Kwa hiyo Sitti alimwita binti yake kwenye uzio wa matete.

"Medina, ambia bwana yako. Pumuzi itoke huku chini, kwa mbavu. Shingo ilale. Ile ya juu aguse kwanza na sauti kidogo, kama anabembeleza mutoto. Kila siku kidogo tu. Kama koo inauma, anyamaze. Maumivu iko anaongea na yeye."

Medina alifikisha ujumbe. Hamuza akacheka.

"Iko mwanaume gani anasoma kuimba kwa mama ya bibi yake? Ile ni mambo ya harusi. Mimi naimba roki."

"Lakini sauti ya mama haipotei."

"Basi! Wewe lete dawa yangu."

Adabu ya mkwe, jamani! Tuliachiwa tuheshimiane, naye akaifanya kisingizio cha kiburi. Medina angeweza kurudia maneno ya mama yake. Hakurudia, alitaka amani ndani ya nyumba. Na hiyo dawa ilikuwa waragi, pombe kali, iliyolowekwa pilipili, inayofisha koo ili mtu asisikie anapojiumiza. Ni Medina aliyeibeba, binti wa Kiislamu, chupa imefichwa chini ya leso, siku baada ya siku. Jambo hilo linamfuata chumba kwa chumba mpaka leo.

Idi ikafika. Mchana ule wa Koboko uwanja ulijaa, na askari waliosimama mbele walipiga buti chini. "Panda! Panda juu!"

Hamuza akapanda, na wallahi aliifikia. Medina aliisikia, nywele zikamsisimka. "Tena!" wakasema askari, na nani angewakatalia? Akapanda mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne mdomo ulikuwa wazi, mishipa imesimama, na sauti hakuna. Alichotema kwenye kitambaa kilikuwa chekundu.

Daktari alimwamuru anyamaze. Safari hii alitii, miezi mitatu. Kilichorudi ni mnong'ono, kama mtu anafagia majani makavu. Asubuhi aliinama juu ya mkeka wa Rehemah akanong'ona jina lake, na mtoto akajifunika shuka akaendelea kumngoja baba yake.

Ijumaa moja Andama akaja na redio ya kaseti. Kumbe alikuwa amerekodi siku ile ya Koboko. Alidhani atawafurahisha. Alipobonyeza, sauti ya Hamuza ikajaa chumba, ikapanda. Rehemah akaacha ugali, akakimbia, akampita baba yake aliyenyoosha mikono, akapiga magoti mbele ya redio na kuigonga kwa kidole.

"Baba, toka. Mimi iko hapa."

Hamuza alifungua mdomo kumjibu. Medina alimwona anavyojitahidi. Mtoto hakugeuka.

FUNZO

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Sauti ya juu haiji kwa mabavu. Huja kwa pumzi, kwa utaratibu, na kwa kumsikiliza anayejua, hata akiwa mwanamke, hata akiwa mama wa mkeo. Nawe unayebeba chupa ili nyumba itulie, jua kwamba unabeba sehemu ya kosa. Vijana wa bendi, Sitti bado yupo. Kama mnaona haya, simameni nyuma ya uzio mkampe mgongo. Masikio hayana ukwe.